Dhamana Isiyoombwa

Mpwa wangu, ambaye mamake alimleta kwangu mjini apate kusoma, na ambaye nimemwona akikesha zaidi kuliko akisoma, alinijia ukumbini usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, akaniomba nifuatane naye chumbani nikatazame jambo katika kompyuta yake. Nami, kwa kuwa uji ulikuwa umekwisha kutulia tumboni na sikuwa na udhuru wa kumpa, nikafuatana naye. Kwenye kioo palikuwa na ramani iliyopakwa rangi kama kanga zilizotandazwa dukani, kila dola na rangi yake, na kijana akasogeza kipanya mpaka pembe ya kusini ya Hispania, akanionyesha kidoa kisichozidi ukubwa wa ukucha, kimebanwa baina ya bahari na eneo pana la Kastilia. "Tazama mwaka, Mjomba," akasema. Mwaka ulioandikwa juu ya ramani ulikuwa 1587, na kile kidoa kilikuwa Granada.

Sisi tuliosomeshwa tarehe ya Waislamu na masheikh waliokuwa wakishusha sauti kila wafikapo Andalusi, twajua kwamba Granada ya kweli ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492, kwamba mfalme wake wa mwisho, Abu Abdillah, aliukabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella kwa mkataba uliowahakikishia watu wake dini yao na misikiti yao, na kwamba mkataba huo haukutimiza miaka 10 kabla ya watu kushurutishwa kubatizwa. Basi kuiona nchi hiyo ingali hai, na jeshi lake dogo na hazina yake ndogo, ni jambo lililonigusa kuliko nilivyotaka kijana ajue. Nikamwuliza ni muujiza gani ulioiongezea umri wa karibu miaka 100. "Nimewawekea dhamana, Mjomba," akajibu. "Mimi ni Osmani. Anayewagusa wao amenigusa mimi."

Mchezo wenyewe unaitwa Europa Universalis IV, umetengenezwa Stockholm na kampuni ya Paradox Interactive, na ulianza kuuzwa mwaka 2013. Huanza tarehe 11 Novemba 1444, yaani siku moja tu baada ya vita vya Varna, ambamo Sultani Murad wa Pili aliwavunjavunja Wahungari na Wapolandi na mfalme wao kijana akauawa. Na huendelea mpaka mwaka 1821, siku zikipita juu ya kioo moja baada ya moja, mbio au taratibu kadiri apendavyo mchezaji. Mtu aweza kuishika dola yoyote, kubwa kwa ndogo: Ufaransa, Venisi, Wachina wa Ming, hata Kilwa yetu, ambayo nayo imo na haikusahauliwa. Akishaishika, ndiye waziri, ndiye amirijeshi, ndiye mweka hazina. Hutuma mabalozi, huoza mabinti wa kifalme, hutangaza vita na hufunga sulhu. Na wapenzi wa michezo ya namna hii, ambao wametapakaa duniani kote na wengine wao wamo majumbani mwetu bila ya sisi kujua wanafanya nini humo vyumbani, aghalabu huicheza kwa nia moja, nayo ni kuieneza rangi yao mpaka isibaki rangi nyingine.

Katika orodha ya mambo ambayo balozi wa mchezoni aweza kutumwa, pamoja na kutafuta urafiki, kutoa matusi rasmi na kuomba majeshi yapishwe njia, pana hili la kudhamini uhuru wa nchi nyingine. Dola yenye nguvu huitangazia dunia kwamba nchi fulani imo katika dhamana yake, na tangu siku hiyo kila mwenye kuivamia atamwona mdhamini naye akiitwa vitani. Na mdhamini akikataa kuja, hadhi yake hushuka mbele ya mataifa. Wala si jambo la bure. Mahusiano ambayo dola yaweza kuyabeba yana idadi yake, na dhamana ya kinyonge hula nafasi moja sawasawa na urafiki wa taifa kubwa. Mwenye kupitisha idadi hutozwa kila mwezi katika nguvu za kidiplomasia ambazo angezitumia kuistawisha nchi yake. Kastilia, ambayo huendeshwa na mashine, haivamii mpaka ipime nguvu za adui pamoja na za wale watakaomsaidia. Ilipopima ikaona nyuma ya kile kidoa pamesimama majeshi yote ya Osmani, ikakaa kimya, ikageukia kwingine. Kwa zaidi ya miaka 100 ya mchezo kijana aliilipia nafasi ile. Nikamwuliza amepata nini. Ushuru? "Hapana." Bandari? "Hapana, Mjomba. Basi tu. Nafurahi nikiwaona wapo."

Najua kwamba wako watakaomcheka. Mwenye kuzoea michezo ya vita atasema kwamba mchezo umewekewa ushindi, na ushindi ni kula. Na sisi wazee wa barazani hatuna haki ya kumbishia sana, maana katika bao hakuna aliyepata kuilinda nyumba ya mwenziwe. Ukiiona nyumba yake imejaa kete unaitamani, unaihesabia mikono, na ukiipata unazisambaza kete zake upande wako huku ukiimba, na watazamaji hukushangilia. Nimecheza bao miaka mingi, na sikumbuki hata mara moja kumwonea huruma aliyekuwa akinikabili. Kwa hakika nakumbuka kinyume chake.

Walakini mimi nasema kwamba furaha ya mpwa wangu ni furaha ya daraja la juu kuliko ya hao wapaka ramani. Mwenye kuteka dunia mchezoni amefanya lile ambalo hesabu za mchezo zinamsukuma alifanye, kama maji yanavyoteremka bondeni. Ama huyu aliyeiacha nafasi yake moja iliwe bure ili watu fulani wa kufikirika wasifutike, amekwenda kinyume cha hesabu kwa hiari yake, pasi na shahidi wala thawabu. Muruwa wa namna hiyo ni haba hata katika tarehe ya kweli. Konstantinopoli ilipozingirwa mwaka 1453, katika wachache waliokuja kuusaidia mji ambao kila mtu alijua umekwisha alikuwa Mgenoa mmoja, Giovanni Giustiniani, aliyeleta watu wapatao 700 kwa gharama yake, akasimama ukutani siku baada ya siku mpaka akajeruhiwa, na mji ulipoanguka tarehe 29 Mei hakukaa sana naye akafa kwa jeraha lile. Watu humtaja hata leo kuwa ni mfano wa ushujaa wa kumtetea mnyonge, na ni haki yake. Lakini hata yeye alikuwa ameahidiwa na mfalme kisiwa cha Lemnos endapo mji utaokoka. Mpwa wangu hakuahidiwa hata jiwe.

Ningeondoka pale chumbani nimeridhika, nikaenda kulala, lau sikuuliza swali moja zaidi, nalo lilinitoka bila ya kulifikiri: "Na hao wa Granada, walisemaje ulipowapelekea dhamana?"

Kijana akanitazama kana kwamba nimeuliza kama ramani ina njaa. "Hawaulizwi, Mjomba. Urafiki wa kusaidiana ndio unaotaka wakubali. Hii ya dhamana unabonyeza tu, inakuwa."

Nikakaa kitandani mwake. Maana sisi watu wa visiwa hivi dhamana ya namna hiyo twaijua, tena twaijua kwa tarehe yake. Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, milki yake ikagombewa na wanawe, na mwaka 1861 Lord Canning, mkuu wa Waingereza katika Uhindi, akawahukumia: Unguja ikaenda kwa Sayyid Majid, Maskati ikaenda kwa Sayyid Thuwaini, na Unguja ikatakiwa iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, wajumbe wa Uingereza na Ufaransa wakatia sahihi tamko fupi ambalo kwalo dola hizo mbili ziliahidiana kuuheshimu uhuru wa masultani hao wawili. Msomaji na alitazame vizuri neno hilo: ziliahidiana. Ahadi haikutolewa kwa Sayyid Majid wala kwa Sayyid Thuwaini. Ilitolewa na Mwingereza kwa Mfaransa na Mfaransa kwa Mwingereza, kila mmoja akiogopa mwenziwe asije akamtangulia. Hao waliodhaminiwa hawakuwa na kiti pale mezani. Kilibonyezwa kitufe, ikawa.

Na kwa kuwa ahadi ilikuwa mali ya wale wawili, wale wawili ndio waliokuwa na haki ya kuiuza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaipima pwani ya bara, wakamwachia Sultani Barghash ukanda wa maili 10 tangu baharini. Tarehe 1 Julai 1890 wakafunga mkataba mwingine, na humo Mjerumani akakubali Unguja na Pemba ziingie katika himaya ya Uingereza, naye akapata, pamoja na mengineyo, kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ambacho Waswahili wengi hawakupata kukisikia wala hawakupungukiwa na kitu kwa kutokisikia. Ndipo Ufaransa ilipokumbuka tamko la mwaka 1862. Mtu angedhani kwamba imelikumbuka ili imtetee aliyedhaminiwa; la hasha, ililikumbuka ili ilipwe, na mwezi wa Agosti mwaka uleule ikalipwa: Uingereza ikaitambua himaya ya Ufaransa juu ya Bukini, yaani Madagaska, na Ufaransa ikaitambua himaya ya Uingereza juu ya Unguja. Mnyonge mmoja akawa bei ya mnyonge mwingine.

Neno lenyewe, himaya, tulilipokea kutoka kwa Waarabu likiwa na maana njema, maana ya kumkinga mtu na madhara. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani akatwaa utawala bila ya idhini ya wakingaji wetu. Tarehe 27, saa 3 na dakika 2 asubuhi, manowari za Kiingereza zikaanza kulipiga mizinga jumba la Sultani, na kabla saa moja haijatimia watu wapatao 500 wa upande wa jumba walikuwa wameuawa au wamejeruhiwa. Sayyid Khalid alikimbilia wapi? Alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akaomba himaya. Na mwezi huohuo wa Agosti Bukini ikafanywa rasmi koloni la Ufaransa. Mimi hupita pale ukingoni mwa bahari karibu kila jioni nikienda kununua kahawa, na mara nyingi nimewasikia wageni wakielezwa na waongozaji wao, huku wakicheka, kwamba hapa ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Ni kweli, vilikuwa vifupi.

Haya nilimweleza mpwa wangu, si yote usiku ule, maana daku ilikuwa ikikaribia, lakini kwa muhtasari wa kutosha. Naye, ambaye si mjinga hata kidogo kama alama zake za mtihani zinavyodai, akanionyesha jambo ambalo mimi nisingeligundua. Katika orodha ileile ya mabalozi, akasema, kuna ngazi. Mnyonge waweza kumdhamini. Ukishamdhamini atakupenda, na akikupenda waweza kufunga naye urafiki wa kusaidiana. Ukishakuwa rafiki yake, na yeye akiwa mdogo na wewe mkubwa, waweza kumshauri awe tegemezi wako. Na tegemezi, ikishapita miaka 10 na moyo wake ukiwa bado ni mwema kwako, waweza kumtia katika nchi yako kabisa bila ya kufyatua hata bunduki moja. Rangi yake inafutika kwenye ramani, na yako inaongezeka. "Watu wengi hufanya hivyo," akasema, "wala hawaiti kuteka." Nikamwuliza kama yeye hakuwahi kutamani kupanda daraja ya pili. Akanyamaza kidogo. Akakiri kwamba alitamani mara mbili: mara ya kwanza hazina yake ilipopungua, na mara ya pili Granada walipomwudhi.

Walimwudhije? Hapa kisa kinakuwa cha kuchekesha. Wale wanyonge wake, walipoona nyuma yao pana ukuta, na Kastilia haithubutu, walikusanya kijeshi chao wakavuka bahari wakaivamia Tlemcen, ambayo ilikuwa nyonge kuliko wao. Dhamana humlinda aliyedhaminiwa asivamiwe. Haimzuii yeye kuvamia. Kijana alishika kichwa. Alikuwa amewapenda kwa udogo wao, na kumbe udogo haukuwa tabia yao, ulikuwa hali yao tu.

Nami nikamwambia asiwashangae hao wa kufikirika, kwani Ubelgiji ya kweli ilifanya makubwa kuliko hayo. Mwaka 1839, katika mkataba wa London, dola kubwa za Ulaya ziliidhamini nchi hiyo changa kwamba haitaguswa na yeyote, na mwaka 1914 Wajerumani walipoigusa, Waingereza waliingia vitani wakitaja dhamana ile, na dunia nzima ikaililia Ubelgiji ndogo. Ilikuwa ndogo kweli. Lakini chini ya kivuli cha dhamana hiyohiyo mfalme wake, Leopold wa Pili, alikuwa ameitwaa Kongo mwaka 1885 ikawa shamba lake mwenyewe, nchi iliyo kubwa zaidi ya mara 70 kuliko yake, na watu wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira; na serikali ilipoipokea kutoka kwake mwaka 1908 haikuirudisha kwa wenyewe. Waswahili wa Lubumbashi na Kisangani wakisikia habari za kanchi kadogo kalikoonewa mwaka 1914, nadhani wana haki ya kuuliza ni kanchi gani hako.

Yamkini msomaji wangu amekwisha kuchoka, naye anasema moyoni kwamba huu ni mchezo, na Granada ya kwenye kioo haina mama anayelia wala mtoto anayekimbizwa mgongoni, na mzee mwenye akili timamu hapaswi kuugeuza mchezo wa kijana kuwa mahakama. Namkubalia nusu. Sitaki vijana waache kuwalinda wanyonge wao wa kufikirika. Ningependelea elfu moja wa namna ya mpwa wangu kuliko mmoja wa wale wanaoipaka dunia rangi moja kisha wakajisifu kwa masaa waliyotumia. Lakini mchezo huu unajigamba kuwa ni wa tarehe, na wenye kuutengeneza wamejishughulisha kutafuta mpaka majina ya masultani wa Kilwa; basi ni insafu kuwadai jambo moja dogo, nalo ni kwamba dhamana iwe kama urafiki, ipelekwe na balozi, na yule mdogo awe na uwezo wa kuikataa. Akiikataa, mkubwa atajua kwamba amekataliwa. Akiikubali, atakuwa na la kudai siku mkubwa atakapotaka kuiuza. Hilo halihitaji hesabu ngumu. Kitufe kipo tayari kwa mambo mengine yote.

Na vijana nao, hasa hawa wetu wa pwani, nawaomba jambo jingine ambalo halitawagharimu ila usingizi, na usingizi wenyewe hawauthamini. Mara moja katika kumi, acheni kiti cha Osmani na cha Kastilia, mkakae kwenye kiti cha aliyedhaminiwa. Shikeni Malindi, ambayo katika tarehe ya kweli iliwapokea Wareno mwaka 1498 ikitafuta wa kuikinga na Mombasa, ikawa rafiki yao kwa karibu miaka 100. Mombasa ilipotiwa mkononi na Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, Sultani wa Malindi akapewa Mombasa yote kuwa thawabu ya uaminifu wake, akahama, na mji wake wa Malindi ukadidimia nyuma yake. Mwaka 1631 mjukuu wa huyo aliyezawadiwa, Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa kwa fitina za wakingaji na yeye mwenyewe akalelewa Goa akabatizwa, aliingia ngomeni na watu wake akamwua kapteni wa Kireno. Ichezeni hiyo, mwone uzito wa kuwa mpendwa wa mkubwa.

Mpwa wangu hakungojea nimwambie mara mbili. Juzi usiku nilipopita mlangoni kwake nilimkuta ameanza upya, tarehe 11 Novemba 1444, na safari hii ameishika Granada yenyewe. Alikuwa ametuma mabalozi Tunis, Fez na kwa Mamluki wa Misri. Umeme ulipokatika, saa 5 na nusu, mchezo ulikuwa umefika mwaka 1446, Kastilia ilikuwa ikikusanya majeshi mpakani, na hakuna dola hata moja iliyokuwa imejitolea kumdhamini.